Sukari Yenye Mionzi: Ukitumwa Nairobi kwa Skani ya PET

Kama uko Kibwezi mjini, Makindu, Kambu, Masongaleni, Thange au Mtito Andei, sogea karibu na redio. Na kama unayasoma maneno haya kijitabuni, yasome polepole, kisha umsomee na yule mzee wa nyumbani ambaye macho yake hayaoni vizuri.

Leo nazungumzia kipimo ambacho hapa kwetu hakipo. Hakipo Kibwezi, hakipo Makindu, wala Wote. Utaniuliza, sasa muuguzi, mbona unatusumbua na mambo ya Nairobi? Ni kwa sababu watu wetu wanatumwa huko. Mgonjwa anatoka kliniki ya saratani na karatasi iliyoandikwa “skani ya PET”, anafika nyumbani, na maneno yanaanza. Shemeji anasema hiyo ni sumu ya bomu la atomiki. Jirani anasema ukidungwa hiyo dawa nywele zote zinaanguka. Mama mwenye kisukari anasikia kwamba atadungwa sukari, anaikunja karatasi na kuiweka chini ya godoro. Na wapo wanaokwenda lakini wanarudishwa bila kupigwa picha, kwa sababu ya kikombe cha chai na mandazi mawili waliyonunua Emali. Nauli imepotea, dozi imemwagika, na ugonjwa haungoji.

Tuanze na sukari yenyewe. Unachokula, kiwe ugali, muthokoi, viazi vitamu au embe, kikifika tumboni huvunjwavunjwa, na sehemu yake kubwa hugeuka kuwa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Damu huibeba na kuipeleka kila pembe ya mwili. Kila seli, yaani kila chumba kidogo kilicho hai mwilini mwako, huichukua kama injini inavyochukua mafuta. Lakini injini hazilingani. Pikipiki ya bodaboda hainywi mafuta kama lori la kontena linalopanda kutoka Mombasa. Ubongo wako ni lori. Unakula sukari mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Msuli wa paja uliotulia ni pikipiki iliyoegeshwa.

Seli za saratani nazo ni kama lori lisilo na breki. Zinagawanyika ovyo, na kwa kazi hiyo zinavuta sukari nyingi kuliko seli za kawaida zilizo kando yake. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwanasayansi Mjerumani, Otto Warburg, aliliona katika miaka ya 1920, kabla babu zetu wengi hawajamwona daktari wa hospitali. Alitambua kwamba uvimbe wa saratani hutumia glukosi kwa pupa isiyo ya kawaida. Kilichokosekana wakati huo ni njia ya kuiona pupa hiyo ndani ya mtu aliye hai bila kumpasua.

Njia hiyo wafugaji wetu wa nyuki wangeielewa upesi. Ukitaka kujua nyuki wa porini wamejenga wapi, hupandi mti mmoja mmoja kuanzia Kibwezi hadi Chyulu. Unakaa penye maji, unamwangalia nyuki akinywa, kisha unatazama anaelekea upande gani. Unamfuata. Madaktari nao wanafuata sukari. Tatizo ni kwamba sukari ya kawaida haionekani ikishaingia ndani ya damu. Ni lazima ifungwe taa.

Taa hiyo ni florini-18, aina ya florini yenye mionzi. Inafungwa kwenye glukosi iliyobadilishwa kidogo, na dawa inayopatikana huitwa FDG kwa kifupi. Kwa seli, FDG inafanana na sukari halisi, kwa hiyo inafunguliwa mlango na kuingia. Seli inaanza kuitumia, inafanya hatua ya kwanza, lakini hatua inayofuata inashindikana kwa sababu kipande kimoja cha sukari hiyo si kile kilichotarajiwa. Ni kama jiwe dogo lililojificha ndani ya ndengu. Linapita kwenye ungo, linaingia chunguni, lakini halipikiki. Basi FDG inabaki imenaswa ndani ya seli. Seli yenye pupa inanasa nyingi, na seli iliyotulia inanasa kidogo.

Sasa ile florini, wakati inapochakaa, hutoa chembe ndogo iitwayo positroni. Chembe hiyo haiendi mbali. Inakutana na elektroni, zote mbili zinatoweka, na mahali pake inatoka miali miwili inayokimbia pande mbili zinazotazamana, moja huku na nyingine kule. Mashine ya PET ni kama duara kubwa lililojaa vipokezi. Miali miwili ikigonga vipokezi viwili kwa wakati mmoja, kompyuta inajua kwamba chanzo kilikuwa mahali fulani kwenye mstari unaounganisha vipokezi hivyo. Mistari hiyo ikikusanywa kwa mamilioni, picha inajitokeza ya mahali sukari ilipokusanyika. Mashine nyingi za siku hizi zimeunganishwa na skani ya CT, ambayo huonyesha umbo la viungo. PET inasema “hapa pana pupa ya sukari”, na CT inasema “hapo ni kwenye ini, upande wa kulia”.

FDG ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani. Mnamo Agosti 1976 ikakimbizwa hadi Philadelphia, ambako watu wawili wa kwanza waliojitolea walidungwa. Nimesema ikakimbizwa, na sikulichagua neno hilo kwa mapambo. Florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Hesabu nami. Tuseme imetengenezwa saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa na nguvu ya 100. Saa moja na dakika 50 imebaki 50. Saa tatu na dakika 40 imebaki 25. Saa tano na nusu imebaki 12 na kidogo. Saa saba na dakika 20 mchana, imebaki 6. Haiwekwi kwenye friji ikangoja. Haiagizwi kwa meli kutoka ng'ambo. Inatengenezwa siku ile ile inayotumika, kwa mashine kubwa iitwayo saiklotroni, na mgonjwa awe karibu.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini Wakenya wengi waliokuwa na uwezo walipanda ndege kwenda India au Afrika Kusini kwa picha hii. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilikuwa na kitengo cha tiba ya nyuklia kwa miaka mingi, kikitumia dawa nyingine zenye mionzi kuangalia tezi ya shingo na mifupa, lakini PET ilihitaji saiklotroni. Mwaka wa 2018 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan iliyoko Parklands, Nairobi, ikaanza kutoa huduma ya PET ikiwa na saiklotroni yake. Baadaye hospitali ya umma ikafuata, ile ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofungua milango mwaka wa 2019 upande wa Kahawa West, nayo ikapata saiklotroni na mashine zake. Kwa mtu wa Kibwezi hizo ni kilomita kama 200 za barabara ya Mombasa, na kisha kuvuka jiji.

Kwa hiyo ukipewa saa ya miadi, ile saa si ya kuanza kutafuta basi. Dozi yako imepangwa kwa hesabu ya wagonjwa wa siku hiyo. Ukichelewa saa mbili, nusu ya nguvu yake imekwisha kabla hujafika mlangoni. Usipofika kabisa, haiwezi kuwekwa hadi kesho. Ushauri wangu ni huu: kama una ndugu Nairobi, nenda siku moja kabla, ulale kwake. Iwe umekwenda kwa basi au kwa treni ya SGR inayosimama hapa Kibwezi, amka ukiwa jijini. Ukiona huwezi kwenda, piga simu mapema, ili kituo kipange upya.

Je, kipimo hiki ni cha nani? Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi na watu wenye afya yao kama wanaweza kwenda “kujiangalia mwili mzima”. Sipendekezi. Hii si mashine ya kupima kila mtu, na mara nyingi si kipimo cha kwanza. Saratani huthibitishwa kwa biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini. PET kwa kawaida huja baadaye, kujibu swali ambalo biopsi haiwezi kulijibu: ugonjwa umefika wapi?

Chukua mfano wa saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo ni mojawapo ya saratani zinazoonekana sana nchini Kenya. Mzee anaanza kwa kushindwa kumeza ugali, halafu hata uji unakwama. Anawekewa mpira wenye kamera, kipande kinakatwa, saratani inathibitishwa. Sasa daktari wa upasuaji anafikiria kumpasua. Huo ni upasuaji mkubwa wa kifua na tumbo, na kupona kwake ni kwa miezi. Kabla ya kisu, skani ya PET inafanywa. Ikiwa sukari imekusanyika penye umio tu na tezi za karibu, kuna jambo la kupigania. Ikiwa inang'aa pia kwenye ini na kwenye mifupa, basi kumpasua mzee yule ni kumwongezea maumivu bila kumwondolea ugonjwa. Atatibiwa kwa njia nyingine, na familia itajua ukweli kabla ya kuuza shamba au ng'ombe. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa. Watu wengi hudhani kipimo kizuri ni kile kinacholeta habari njema. Kipimo kizuri ni kile kinachokuzuia kupasuliwa bure.

Mfano wa pili ni kijana mwenye saratani ya tezi, ile iitwayo limfoma. Amedungwa dawa kali kwa miezi kadhaa. Tezi za kifua zilizokuwa kubwa kama embe zimesinyaa, lakini skani ya CT bado inaonyesha kipande kimebaki. Je, hicho ni saratani iliyo hai, au ni kovu tu? CT haiwezi kusema, kwa sababu kovu na uvimbe vinaweza kufanana umbo. Lakini kovu halina pupa ya sukari. PET ikionyesha giza hapo, daktari anaweza kumwachia kijana apumzike. Ikionyesha mwanga, daktari anajua kazi haijaisha. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mashine hii inalipa gharama yake.

Nimesema mwanga. Sasa niseme jambo ambalo kila mwenye kupokea majibu anapaswa kulijua. Si kila kinachong'aa ni saratani. Ukisimama usiku juu ya kilima ukatazama barabara ya Mombasa, utaona taa nyingi. Nyingine ni malori, nyingine ni hoteli, nyingine ni moto wa mtu anayechoma mahindi. Kwenye picha ya PET ubongo unang'aa daima, na hiyo ni heri. Moyo huweza kung'aa. Figo na kibofu vinang'aa kwa sababu dawa inatoka kwa njia ya mkojo. Kidonda kinachopona kinang'aa, kwa kuwa seli za kinga zinafanya kazi hapo nazo zinakula sukari. Tezi za kwapani zinaweza kung'aa baada ya chanjo ya mkononi. Wakati wa chanjo za Covid mwaka wa 2021 jambo hili liliwasumbua madaktari duniani kote.

Na kifua kikuu kinang'aa. Hili kwetu si jambo la pembeni. TB inaweza kuonekana kwenye picha ya PET kama saratani ya mapafu kabisa, mwanga ule ule, hata tezi za katikati ya kifua zikang'aa pamoja nayo. Kwa hiyo, kama uliwahi kuugua TB, au mtu wa nyumbani mwenu anatumia dawa za TB, au unakohoa na kutoka jasho usiku, mwambie daktari kabla ya picha. Usione haya. Doa la mapafuni likionekana, unaweza kuhitaji kipimo cha makohozi, na pengine biopsi, kabla ya mtu yeyote kutamka neno saratani. TB inatibika kwa vidonge vya miezi, na itakuwa huzuni mtu akae nyumbani akingoja kufa kwa saratani ambayo hana.

Upande wa pili nao upo. Kuna saratani zisizo na pupa, zinazokua polepole. Saratani ya tezi dume mara nyingi haionekani vizuri kwa FDG, na kwa hiyo kuna dawa nyingine tofauti inayotumika kwa PET ya ugonjwa huo. Baadhi ya saratani za ini na figo nazo hujificha. Uvimbe mdogo sana, wa milimita chache tu, unaweza kukosekana. Na uvimbe ulio ndani ya ubongo unaweza kumezwa na mwanga wa ubongo wenyewe. Basi picha ikiwa safi, kliniki bado unarudi.

Tuje sasa kwenye maandalizi, maana hapa ndipo watu wetu wanapokwamia, na sitawalaumu. Nimeona karatasi za rufaa zilizoandikwa jina la kipimo na tarehe peke yake, bila neno moja juu ya chakula. Mgonjwa angejuaje?

Kwa muda wa saa sita hivi kabla ya sindano, usile chochote. Sababu ni hii. Ukila, sukari ya damu inapanda, na kongosho linamwaga insulini. Insulini inafungua milango ya misuli na moyo, na FDG yote inakimbilia huko. Picha inatoka ikiwa na mikono na mapaja yanayong'aa, na uvimbe uliotafutwa umefifia. Maji matupu unaruhusiwa, na unywe ya kutosha. Lakini maji matupu ni maji matupu. Si chai ya rangi yenye sukari, si soda, si juisi, si uji “kidogo tu wa kumezea dawa”. Peremende ni sukari. Dawa ya kikohozi ya maji mara nyingi ina sukari. Na tafadhali, usitafune kitu, hata chingamu isiyo na sukari, wala muguka. Kutafuna kunafanya misuli ya taya ile sukari, na taya litang'aa bure.

Siku moja kabla, acha kazi nzito. Usilime, usibebe maji kutoka mtoni, usipande mlima. Misuli iliyochoka inaendelea kula sukari hadi kesho yake. Vituo vingi pia huagiza kwamba jioni ile upunguze vyakula vya wanga kama ugali, wali, chapati na viazi, ule zaidi nyama, mayai na mboga. Fuata maagizo ya kituo chako hata kama yanatofautiana kidogo na haya yangu.

Beba sweta. Mtu wa Kibwezi aliyezoea jua letu akifika Nairobi mwezi wa Julai na shati jepesi, atatetemeka. Mwili ukiona baridi, kuna aina ya mafuta yaliyo shingoni na mabegani ambayo huchoma sukari ili kutoa joto. Mafuta hayo yatang'aa pande zote mbili za shingo, mahali hasa ambapo daktari anatafuta tezi. Sweta moja na blanketi vinaweza kuokoa picha.

Sasa wewe mwenye kisukari. Usitupe karatasi. Kiasi cha FDG unachodungwa ni kidogo kuliko punje moja ya sukari ya mezani. Hakiwezi kupandisha sukari yako. Tatizo liko upande wa pili: sukari yako ikiwa juu, ile ya kawaida inashindana na FDG kwenye milango ya seli. Utapimwa kidoleni ukifika. Vituo vingi vikiona imezidi 11 kwenye mashine, huahirisha. Kwa hiyo wiki kadhaa kabla, rudi kwenye kliniki yako ya kisukari mkaitengeneze. Waambie watu wa PET mapema kwamba una kisukari, ni dawa gani unazotumia, na kama unajidunga insulini, unajidunga saa ngapi. Insulini iliyodungwa karibu na kipimo inaharibu picha kama chakula. Metformin nayo hufanya matumbo yang'ae, na vituo vingine huomba isimamishwe kwa siku moja au mbili. Lakini usiisimamishe kwa uamuzi wako, wala usikae saa kumi bila chakula huku umemeza dawa za kushusha sukari. Unaweza kuzimia ndani ya basi. Omba maagizo yaliyoandikwa.

Ukifika, utawekewa mrija mdogo mkononi, utadungwa, kisha utalazwa mahali patulivu kwa saa moja hivi. Saa hiyo ni ya kutulia. Weka simu kando. Ukiongea sana, misuli ya koo la sauti itakula dawa. Baadaye utaenda haja ndogo, kisha utalala kwenye kitanda kinachoingia ndani ya duara, kwa dakika kama 20 hadi 30. Hakuna maumivu zaidi ya ile sindano. Ukiogopa sehemu zenye kubana, sema mapema.

Na mionzi? Ipo, sitakuficha. Kila binadamu hupata mionzi kidogo kila mwaka kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula. Skani moja ya PET pamoja na CT ni sawa na miaka kadhaa ya mionzi hiyo ya kawaida, ikipokewa siku moja. Si kitu cha kuchezea, na ndiyo maana nilisema mwenye afya asijiendee. Lakini kwa mtu ambaye tayari ana saratani, faida ya kujua mahali ilipo huzidi hatari hiyo kwa mbali. Nywele haziondoki kwa FDG. Zinaondoka kwa dawa fulani za kutibu saratani. Na ile florini haikai. Baada ya saa 24, kwa kuchakaa kwake peke yake, imebaki chini ya sehemu 1 kati ya 8,000, hata kabla ya kuhesabu iliyotoka na mkojo. Vituo hivi, kwa sheria ya mwaka wa 2019, viko chini ya mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya nyuklia.

Mama mjamzito, au anayefikiri huenda ana mimba, ni lazima aseme kabla ya sindano. Mama anayenyonyesha aseme pia. Ataambiwa akamue maziwa kabla, na mtu mwingine ambebe na kumlisha mtoto kwa saa kadhaa, kwa kuwa hatari kubwa zaidi ni mtoto kukumbatiwa kifuani mwenye mionzi, kuliko maziwa yenyewe. Mgonjwa yeyote, siku hiyo, akae mbali kidogo na watoto wachanga na akina mama wajawazito. Susu, wajukuu watakukimbilia mlangoni ukirudi. Waambie wangoje hadi kesho. Ndani ya basi, ukiona mama mjamzito amekaa karibu, hamia kiti kingine. Kunywa maji mengi, nenda chooni mara kwa mara, na nawa mikono. Choo cha shimo hakina shida.

Naingia kwenye maswali yenu.

Msikilizaji wa Kikumbulyu anauliza: kama saratani inakula sukari, kwa nini nisiache sukari, ugali na matunda ili ife njaa? Mzee wangu, nimelisikia hili sana, hata kutoka kwa watu wenye elimu. Haifanyi kazi hivyo. Ukiacha kula, ini lako litatengeneza sukari kutoka kwenye misuli na akiba ya mwili, kwa sababu ubongo hauwezi kukosa. Saratani itaendelea kupata yake. Utakayemwua njaa ni wewe. Mgonjwa aliyekonda anashindwa kustahimili dawa na upasuaji. Kula mlo kamili. Na asali ya Kibwezi ni chakula kizuri, lakini si dawa ya saratani. Anayekuuzia kwa bei ya dawa anakuibia.

Mama wa Makindu anauliza kuhusu gharama, na kama SHA italipa. Kipimo ni ghali, na bei hubadilika, kwa hiyo uliza hospitali yenyewe kwa simu kabla ya kusafiri. Uliza kama bei hiyo ni pamoja na CT na ripoti. SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kama kadi yako ya zamani ndiyo unayoitegemea, hakikisha umesajiliwa upya na malipo yako yako sawa. Ombi la kibali cha malipo hufanywa na hospitali kabla ya kipimo. Usikubali kuambiwa “nenda tu, mtamalizana huko”. Muulize afisa, kibali kimetoka au hakijatoka?

Kijana wa Mtito Andei ameandika kwamba baba yake alipewa CD na ripoti, akaviweka sandukuni kwa sababu alijisikia nafuu. Ndugu, mtoe mzee sandukuni pamoja na CD yake. Picha ile ilifanywa ili daktari aliyeiagiza aamue matibabu, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyopitwa na wakati. Mpeleke kliniki juma hili, ubebe ripoti, CD, majibu ya biopsi na orodha ya dawa zote anazotumia. Kama ripoti imetaja doa lolote mapafuni, muulize daktari swali hili kwa sauti: je, makohozi yamepimwa?